Viti sita Kona ya Kwanza: kumchagulia Mzee wa Nakuru pa kukaa Indianapolis 500

Mei 2024 jirani yangu alinijia na swali moja. Baba yake angekuja kutoka Nakuru mwaka unaofuata, na kitu pekee alichokuwa ameomba kwa jina ni kuona Indianapolis 500, zile mbio kubwa za magari za hapa Indianapolis, Marekani. Amkalishe wapi?

Nimeamua kukiandika kisa chote kwa kirefu kwa sababu watu wetu wengi wanaoishi huku Marekani hununua tikiti za mbio za magari kwa kufuata ramani ya rangi iliyo kwenye simu. Wanachukua kiti kilicho karibu zaidi na lami kulingana na pesa walizo nazo, kisha wanatazama wavu wa chuma kwa saa tatu. Inaniuma kuona hivyo. Nauli ya ndege, likizo ya kazini, mgeni aliyevuka bahari, vyote hivyo vinaning'inia kwenye uamuzi uliofanywa kwa dakika kumi.

Jirani ni muuguzi. Wakenya wengi wa hapa Indianapolis waliletwa na masomo au kazi za hospitali, na si ajabu, maana Eldoret na Indiana zina ushirikiano wa mafunzo ya udaktari tangu 1989. Mumewe anapenda injini. Kwake mbio ni mafundi, matairi na mafuta, dereva anakuja baadaye. Wana watoto wawili, msichana wa miaka 12 na mvulana wa miaka 7 ambaye hamalizi saa bila kuomba maji au choo. Mzee mwenyewe ana miaka sabini na ushei, goti lake la kulia limechoka, anatembea kwa bakora na hapendi kuulizwa habari za hilo goti. Pamoja nami tulikuwa sita. Pesa zilitosha viti vya bei ya kati, si zaidi.

Kabla ya kufungua ramani yoyote nilimwomba jirani anieleze Mzee alizoea kutazama mbio vipi. Jibu lilikuwa refu na la kupendeza. Mzee ni mtu wa Safari Rally. Alikuwa kijana Joginder Singh aliposhinda mwaka 1974 na tena 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer, na alikuwa ameshaoa Shekhar Mehta alipoichukua Safari mwaka baada ya mwaka, kuanzia 1979 hadi 1982. Mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na Naivasha ikawa ndiyo kambi yake, Mzee alidandia pikapu za vijana wa mtaani akaenda Soysambu, akaenda Sleeping Warrior, kule magari yanakopita.

Shabiki wa rali huchagua mahali, hachagui kiti. Magari yanaachiliwa moja moja, dakika kadhaa kati ya moja na jingine, kwa hiyo unatafuta pahali ambapo gari moja litalazimika kufanya jambo: kivuko cha maji, tuta la kurusha gari hewani, kona yenye fesh-fesh, lile vumbi laini linalomeza matairi. Hapo, kadiri ulivyo karibu ndivyo unavyofaidi. Ndiyo maana bintiye alipompigia simu, neno la kwanza lilikuwa, "Nitafutie karibu na barabara, mama. Nataka nilisikie kifuani."

Lakini alisema na la pili, na bintiye angeweza kulipita bila kulitilia maanani: "Na nione mtu akipitwa. Umri wote huu natazama magari, sijaona hasa gari likipitwa na jingine."

Ni kweli tupu. Katika rali mpinzani wako yuko kilomita kadhaa nyuma au mbele, na vita vyenu vinaamuliwa na saa. Mtu anaweza kuipenda rali nusu karne asishuhudie magari mawili yakigombea kona moja. Maombi haya mawili, karibu na barabara na kuona mtu akipitwa, Naivasha hayagombani kwa sababu la pili halipo. Indianapolis yanagombana vikali, na kazi yote iliyofuata ilikuwa kuamua lipi litangulie.

Uwanja wenyewe ulijengwa 1909 na sura yake haijabadilika. Watu huuita ovali, lakini ukiutazama kutoka juu ni mstatili uliokatwa pembe. Una minyooko miwili mirefu, wa mbele na wa nyuma, kila mmoja wa kilomita moja hivi. Minyooko miwili mifupi ya mita 200. Na kona nne zinazofanana, kila moja ya mita 400, zilizolazwa kwa nyuzi tisa na kitu tu. Mzunguko mmoja ni kilomita 4.02. Magari 33 huzunguka mara 200, daima yakikata kushoto. Yakifika mwisho wa mnyooko yanakuwa yamepita kilomita 350 kwa saa, yaani karibu mita 100 kwa kila sekunde.

Hesabu hiyo ya mita 100 ndiyo inayokiua kiti cha chini. Gari likipita karibu na uso wako kwa mwendo huo, jicho halina muda wa kulishika. Unasikia mlio ukija, unageuza shingo, na kilichobaki ni rangi. Unalisikia kifuani, naam, alivyotaka Mzee, lakini huoni nani kampita nani.

Sikutaka jirani aniamini kwa maneno. Katikati ya Mei, siku za mazoezi kabla ya mbio, uwanja huuza tikiti ya bei nafuu ya kuingilia tu, na majukwaa mengi huwa wazi: unakaa unapotaka, unahama unapotaka, magari yaleyale yanapita kwa mwendo uleule. Ni fursa ambayo ningemshauri yeyote aitumie kabla ya kutoa pesa za siku yenyewe. Tukaenda, mimi, jirani na yule mvulana.

Tulianza safu za chini, Kona ya Kwanza. Nilimpa mtoto kazi moja, asome namba ya gari kwa sauti kila linapopita. Kutoka pale chini macho yanakutana kwanza na ukuta, juu ya ukuta kuna nguzo, na kwenye nguzo kuna wavu mzito wenye kamba za chuma zilizolala. Ukitazama mbele moja kwa moja unaona kupitia matundu. Ukigeuza macho upande ambao magari yanatokea, matundu yanafungana na wavu unakuwa kama ukuta wa pili. Mtoto alitaja rangi: nyekundu, ya njano, ile ya bluu. Namba hata moja hakupata. Kisha akaziba masikio na kuanza kutazama viatu vyake.

Tukapanda. Tulikaa tena katikati, halafu juu zaidi, pale ambapo macho yanapita juu ya wavu badala ya ndani yake. Ghafla mnyooko wa mbele wote ukafunguka upande wa kushoto. Magari yalionekana yakitoka Kona ya Nne, yakiwa madogo, yakikua, yakipita mbele ya lile jengo refu la Pagoda, yakija kwetu, yakizama kwenye kona chini yetu na kutoka kuelekea Kona ya Pili. Mvulana alianza kutaja namba kabla gari halijafika kwenye kona. Alizitaja bila kuombwa. Jirani alinitazama akasema, "Basi. Chini hapana." Hoja ya kwanza ikaishia hapo.

Orodha ya bei ya uwanja inasema jambo hilohilo kwa anayeijua kuisoma. Kwenye mpira au tamasha, mbele ni ghali na nyuma ni rahisi. Hapa ni kinyume: katika jukwaa moja, safu za chini ndizo za bei ya chini na bei hupanda unavyopanda ngazi. Waliouza viti hivi kwa zaidi ya miaka mia wanajua ni vipi vinaonyesha na ni vipi havionyeshi. Anayedhani amepata bahati ya kiti cha mbele kwa bei poa amepata kilichokuwa kimebaki.

Hakuna kiti kinachoonyesha uwanja wote. Nalisema mapema kwa sababu wageni hukitafuta. Ndani ya ovali kuna majengo, miti, majukwaa mengine, hata sehemu ya uwanja wa gofu. Kila kiti kinakupa kipande, na kazi yako ni kuchagua kipande chenye mambo. Skrini kubwa zinakupa kilichobaki.

Tukaanza kupima vipande. Mume alikuwa na chaguo lake tayari: Tower Terrace, jukwaa lililo upande wa ndani, nyuma ya piti, pale magari yanapoingia kubadilishiwa matairi na kujazwa mafuta. Ni mahali pazuri, wala simlaumu anayepapenda. Unawaona mafundi wakiruka ukuta wakiwa na bunduki za kufungulia magurudumu, na gari zima linahudumiwa kwa sekunde chache. Shida ni mbili. Mbio zenyewe kutoka pale ni magari yakipita kwa mstari, na mpito wenyewe, yaani gari kulipita jingine, mara nyingi unakamilika mbali, kwenye kona. Shida ya pili ni jua. Jukwaa hilo linatazama magharibi. Mbio huanza saa saba kasoro robo mchana na kwisha karibu saa kumi, na kwa jinsi saa za Indianapolis zilivyopangwa, jua hufika kileleni karibu saa nane, halafu linashuka polepole mbele ya macho ya aliyekaa pale. Mzee ana macho ya miaka sabini. Nililiondoa kwa sababu hiyo tu, kabla hata ya kufika kwenye mpito.

Upande wa pili wa mnyooko huohuo, mkabala na Pagoda, kuna jukwaa la Paddock. Hapo kuna paa, kuna kivuli, kuna piti mbele yako, na kuna ule mstari wa matofali wenye upana wa yadi moja uliobakizwa kutoka uwanja wa zamani, ambao ndio mwisho wa mbio. Kama Mzee angetaka sherehe ningemweka hapo bila kufikiri mara mbili. Mwaka 2006 waliokaa pale walimwona Sam Hornish akimpita Marco Andretti kwenye mita za mwisho kabla ya mstari, jambo ambalo halitokei kila mwaka. Lakini ni ghali, na paa lina gharama nyingine: linashikiliwa na nguzo. Ukikosea namba ya kiti, nguzo inasimama katikati ya mnyooko na kila gari linapotea nyuma yake kwa sekunde unayoihitaji. Kwenye ramani ya simu nguzo hazionekani.

Kulikuwa pia na vilima vya nyasi ndani ya uwanja, ambako watoto huingia bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa. Kwa familia changa yenye blanketi ni siku nzuri. Kwa goti la Mzee kukaa chini na kuinuka saa nzima haikuwezekana, tukaachana nalo.

Zikabaki Kona ya Kwanza na Kona ya Tatu, na hapa ndipo tulipobishana kwa muda mrefu, kwa haki kabisa.

Kwenye ovali hii mtu hampiti mwenzake popote tu. Anamfuata kwenye mnyooko mrefu akiwa amejificha nyuma yake ambako upepo ni mdogo, gari lake linapata mwendo wa ziada, anachomoka pembeni, na anajaribu kufika kwenye kona kabla ya yule wa mbele kufunga njia. Minyooko mirefu ni miwili, kwa hiyo milango ya kupitana ni miwili: mwisho wa mnyooko wa mbele, Kona ya Kwanza, na mwisho wa mnyooko wa nyuma, Kona ya Tatu. Kona ya Pili na ya Nne ni za kutoka, si za kuingilia vitani.

Mume alileta ushahidi mzito. Mwaka 2023 Josef Newgarden alimpita Marcus Ericsson mzunguko wa mwisho kwenye mnyooko wa nyuma, wakielekea Kona ya Tatu. Chini ya wiki mbili baada ya siku yetu ya mazoezi, mbio za 2024 zikachelewa kwa saa nne hivi kwa mvua, zikaanza karibu saa kumi na moja jioni, na Newgarden yuleyule akampita Pato O'Ward mzunguko wa mwisho, kwa nje, katika Kona ya Tatu. "Kaka," akaniambia mume, "miaka miwili mfululizo. Na viti vya kule ni rahisi. Unataka nini tena?"

Hoja yake ilikuwa na nguvu, na nilimjibu kwa mzunguko huohuo wa 2024. Sekunde ishirini hivi kabla ya Newgarden kumpita O'Ward kule nyuma, O'Ward alikuwa amempita Newgarden mbele, akiingia Kona ya Kwanza. Uongozi ulibadilika mara mbili katika mzunguko mmoja, kwenye milango yote miwili. Huwezi kutabiri mlango upi utakuwa wa mwisho. Unachoweza kusema ni kwamba milango yote inafanya kazi mchana kutwa, hivyo ushindi wa mwisho usiwe ndio unaoamua kiti. Kiamuliwe na mambo unayoweza kuyajua leo.

Na yanayojulikana ni haya. Jukwaa la nje la Kona ya Tatu liko kaskazini-mashariki na linatazama kusini-magharibi: jua liko usoni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jukwaa la nje la Kona ya Kwanza liko kusini-magharibi na linatazama kaskazini-mashariki: jua liko mgongoni muda wote. Ndani ya Kona ya Tatu kuna Snake Pit, uwanja wa muziki ambako vijana kwa maelfu wanacheza huku mbio zikiendelea. Waache wafurahi, ni haki yao, lakini msongamano wa njia na kelele upande ule si kitu cha kumpitisha mtu mwenye bakora na mtoto wa miaka 7. Na Kona ya Kwanza inaona sehemu ya piti kwa mbali, magari yakitoka na kujiunga na wenzao, ambayo kwa Mzee wa rali ni kama ziada. Ningekuwa namchagulia kijana wa miaka 25 mwenye miwani ya jua na pesa kidogo, ningempeleka Kona ya Tatu bila wasiwasi.

Jirani, kwa kazi yake, aliuliza habari za usalama. Ni swali ambalo watu huona aibu kuliuliza, na halistahili aibu. Mwaka 1987 gurudumu lililochomoka lilimuua mtazamaji aliyekuwa safu ya juu kabisa. Mwaka 2023 gurudumu la gari la Kyle Kirkwood liliruka juu ya wavu likaangukia gari lililoegeshwa nje, na kwa rehema hakuna aliyeumia. Siku hizi magurudumu hufungwa kwa kamba imara zinazoyazuia yasichomoke, na kuta za kona tangu 2002 zina kizuizi kinachobonyea na kumeza kishindo. Hatari imepungua sana bila kwisha, na haitofautiani kiasi cha kutuambia tukae chini au juu. Aliridhika na jibu hilo. Asingeridhika, tungekaa nyumbani.

Likabaki goti, na ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, maana tulichokuwa tumethibitisha ni kwamba kiti kizuri kiko juu, na aliyekusudiwa hawezi ngazi. Uwanja una majukwaa ya wenye ulemavu, na tuliyapendekeza. Mzee alikataa kwenye simu, kwa upole lakini bila kurudi nyuma: alitaka kukaa na wajukuu.

Kwa hiyo tulirudi siku nyingine ya mazoezi kwa ajili ya ngazi peke yake. Jirani alipanda kama muuguzi anayempandisha mgonjwa, hatua moja kwa mguu mzima, wa pili unafuata, akishika vyuma vya pembeni pale vilipo na kukumbuka pale visipokuwepo. Aligundua jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: kupanda si tatizo kubwa kwa goti kama lile, tatizo ni kushuka, na tatizo kubwa zaidi ni kushuka mara nyingi. Swali la ni safu ngapi juu likageuka kuwa swali la ni mara ngapi. Mtu anayepanda mara moja asubuhi bila haraka na kushuka mara moja jioni anaweza kukaa juu. Anayeshuka kutafuta chakula na choo kila saa hawezi hata safu ya kumi.

Hapo desturi nzuri ya Indianapolis ilituokoa. Uwanja huu huruhusu watu waingie na vyakula na vinywaji vyao wenyewe kwenye kisanduku cha barafu cha ukubwa uliowekwa. Si kila uwanja wa Marekani unaoruhusu hivyo. Na milango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo mwenye goti anaweza kupanda kabla ya umati, akipumzika kila baada ya safu kadhaa bila mtu kumsukuma nyuma.

Safu za pale hupangwa kwa herufi, kuanzia A chini, na zikifika Z zinaanza upya kwa herufi mbili, AA, BB. Wageni wengi wakiona herufi A wanafurahi. Jirani alichagua safu mwanzoni mwa herufi mbili, si juu kabisa, kwa sababu kule juu kabisa upepo ni mkali na faida ya macho kwa kila ngazi inakuwa ndogo. Kiti cha Mzee kikawa cha mwisho kando ya njia, upande ambao goti la kulia linanyooka nje. Hilo halikuwa jambo dogo. Kama angekaa ndani, kila anayepita angemlazimisha kukunja mguu na kuinuka. Mtoto mdogo aliwekwa upande wa pili pamoja na mama yake, ili safari za choo zisimpite babu.

Na mume? Kiti hiki hakikumpa piti zake. Lakini si lazima kila mtu apate haja yake siku moja. Ijumaa kabla ya mbio kuna siku iitwayo Carb Day, yenye mazoezi ya mwisho na mashindano ya mafundi wa piti, timu mbili mbili, nani atabadilisha magurudumu haraka. Tikiti yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya Jumapili. Tulimpa Ijumaa yake, akae nyuma ya piti kutwa nzima kama anavyotaka. Alikubali papo hapo, na mjadala wa Tower Terrace ukafa kifo chema. Naona familia nyingi zikigombania kiti kimoja kitosheleze haja tano, ilhali mwezi wa Mei una siku nyingi.

Ununuzi wenyewe ulitaka kuwahi. Wenye viti vya mwaka uliopita hupewa nafasi ya kwanza ya kuvihuisha hadi mwezi Juni, na wengine huviweka katika familia miongo na miongo. Vinavyoachwa ndivyo vinavyouzwa kwa wengine. Jirani alinunua mapema. Ilikuwa heri, kwa sababu kwa mbio za 2025 viti vyote vya majukwaa viliisha, hadi uwanja ukaruhusu televisheni za hapa mjini zionyeshe mbio moja kwa moja, jambo ambalo kwa kawaida halifanyiki. Kwa jumla walikuja watu karibu 350,000.

Siku yenyewe, 25 Mei 2025, anga lilifunga. Mawingu, baridi, manyunyu yaliyochelewesha kuanza kwa zaidi ya nusu saa. Hoja yangu yote ya jua haikuhitajika siku ile, na badala yake upepo ndio uliotutesa. Mzee alikuwa na shuka lake kutoka nyumbani, akajifunika magoti, akatupigia hesabu ya madereva kwenye karatasi ya ratiba. Hoja ya jua naiona bado ni sahihi. Mwishoni mwa Mei huku ni joto mara nyingi zaidi kuliko baridi, na kiti hununuliwa miezi kabla ya utabiri wa hewa.

Kiti kilitunyima baadhi ya mambo. Scott McLaughlin aligonga ukuta kwenye mnyooko wa mbele wakati magari bado yanapasha matairi joto, mbio hazijaanza, na sisi tuliona kwenye skrini zaidi ya kwa macho. Robert Shwartzman, aliyeanza nafasi ya kwanza akiwa mgeni wa mbio hizi, alimaliza siku yake kwenye piti, na huko nako tulipata kwa mbali tu. Waliokaa Paddock waliona zaidi.

Lakini mchana kutwa Mzee alipata alichoomba. Kila mbio zilipoanza upya baada ya magari kupunguzwa mwendo, yalikuja kwenye kona yetu mawili mawili, na alijifunza haraka kuyasoma: nani amejificha, nani ametoka pembeni mapema mno, nani atalazimika kukubali. Ilipofika mzunguko wa 187 Ericsson alikuwa anaongoza na Álex Palou yuko nyuma yake. Mzee aliliona likija tangu karibu na Pagoda. Alishika bega la mjukuu wake akasema, "Tazama, tazama, anatoka ndani." Palou akapita kwa ndani, akaingia Kona ya Kwanza mbele, chini yetu kabisa, na hakupitwa tena hadi mwisho. Akawa Mhispania wa kwanza kushinda mbio hizi. Mzee alikuwa amesimama bila bakora, na sidhani alikuwa anajua amesimama.

Ingekuwa ni Kona ya Tatu kama miaka miwili iliyotangulia, ningeandika kisa hikihiki na hitimisho hilohilo la kiti, ila tungemshuhudia Palou kwenye skrini. Mipito ya mchana kutwa ndiyo tuliyoinunua, na hiyo ilikuwepo.

Baada ya mbio tulibaki juu hadi jukwaa lilipokaribia kuwa tupu. Kushuka kulichukua muda mrefu kuliko jirani alivyokadiria, maana ngazi zilikuwa bado na unyevunyevu, na mume alitangulia safu moja mbele ya Mzee muda wote akitembea kinyumenyume. Hilo ndilo lililobadilisha fomu ya kuhuisha mwezi Juni. Jirani alibakiza Kona ya Kwanza na kuomba safu chache chini zaidi, palepale ambapo macho bado yanavuka wavu, katika sehemu yenye chuma cha kushika mkono wa kulia wakati wa kushuka. Aliandika hivyo kwenye nafasi ya maelezo, neno kwa neno, pamoja na ombi la kiti cha mwisho kando ya njia.